Asilimia 86 wameridhika, mbona wanaondoka?

Swali lililonifikia, kwa kifupi. Dada mmoja Mtanzania anafanya kazi ofisi ya utafiti kwenye komyuniti koleji moja huko Iowa, Marekani, vile vyuo vya umma vya miaka 2, wanafunzi kama 4,100. Mwezi wa 4 walituma dodoso la maswali 62 kwa imeili kwa wanafunzi wote, wakajibu 212, asilimia 86 wakasema wameridhika na chuo, bosi akafurahi, ripoti ikapelekwa bodi. Ila kila mwaka kundi kubwa linaloanza Agosti halionekani tena Januari. Anauliza dodoso lilikosea wapi, je wanunue lile la kitaifa au watengeneze la kwao, na wale wanafunzi Wakongo na Warundi ambao Kiingereza bado kinawasumbua, akiwatafsiria Kiswahili itasaidia? Dodoso lenyewe kaliambatanisha.

Dada yangu, marahaba, ingawa nikiangalia maelezo yako sidhani kama nakuzidi miaka mingi kiasi hicho. Dodoso nimelisoma lote, usiku na chai pembeni, na nakiri nilipofika kwenye 30 na kitu nikaanza kujibu ilimradi niishe. Hii ndo kazi yangu na bado nilichoka, sasa mtu aliyetoka shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, kafungua simu ndani ya basi, betri iko asilimia 9, unategemea akujibu nini kwenye swali la 55?

Tuanze na hiyo 86. Watu wakiona 212 kati ya 4,100 wanakimbilia kusema sampuli ni ndogo. Hapana, udogo sio ugonjwa. Hao 212 wangepatikana kwa kura ya haki, yaani kila mwanafunzi ana nafasi sawa ya kuokotwa, wangekupa picha yenye kosa la kama asilimia 7 hivi juu au chini kwa ubaya wake wote, na kwa maamuzi ya chuo hiyo inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba hukuwaokota, walijileta. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma kura za majaribio zaidi ya milioni 10 kuuliza nani atakuwa rais, zikarudi zaidi ya milioni 2, gazeti likatangaza kwa kifua mbele kwamba mgombea Landon anamwangusha Roosevelt, rais aliyekuwa madarakani. Roosevelt akazoa majimbo 46 kati ya 48. Majina walikuwa wameyatoa sehemu kama vitabu vya simu na orodha za wenye magari, enzi hizo simu na gari ni vya wenye nazo, halafu kati ya hao wakarudisha wale wenye hamu ya kurudisha. Milioni 2 zile hazikuwasaidia kitu. Kwa hiyo mwakani bosi akikwambia "tuma tena, safari hii tupate majibu 800", mwambie pole pole kwamba 800 za kujileta zina ugonjwa ule ule, zimenenepa tu.

Na hapo bado sijagusa kubwa zaidi. Mliuliza mwezi wa 4. Walioanza Agosti wakakata tamaa Septemba hawapo, waliomaliza muhula wa kwanza wasirudi Januari hawapo, imeili ya chuo wameshaacha kuifungua. Mmewauliza waliobaki kama wanapenda kubaki! Ni kama kusimama stendi ya Magufuli pale Mbezi unamuuliza kila anayeshuka kwenye basi, "Je, basi lilifika?" Utapata asilimia 100 na utaandika ripoti nzuri sana, wakati kuna watu wamekaa kando ya barabara Mikumi tangu saa 8 usiku na gari limekufa.

Kwa hiyo jibu la "dodoso lilikosea wapi" kabla hata ya kugusa swali lolote lile ni: lilikosea kwa nani na lilikosea lini. Maswali yenyewe nayo yana shida zake, nitafika huko.

Ujue komyuniti koleji sio chuo kikuu kidogo. Tangu cha kwanza cha umma, Joliet kule Illinois, kilipoanza 1901, hivi vyuo vimekuwa vya watu wa hapo hapo mtaani, mlango uko wazi, unaingia hata kama hesabu zako ni za kuungaunga, vingi havina hosteli, mtu anakuja darasani anaondoka kwenda kazini au kuchukua mtoto. Wengi ni pati taimu. Mtu wa namna hiyo humpati kwa imeili, imeili ya chuo kwake ni kama sanduku la posta la babu, anajua lipo. Unampata sehemu moja tu ambayo lazima aje, darasani.

Na hilo ndo wenzetu wa lile dodoso la kitaifa waliligundua mapema. Unalolitaja ni CCSSE, dodoso la kupima ushiriki wa wanafunzi wa komyuniti koleji, wenyewe wanatamka "sesi", lilianzishwa 2001 Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Kay McClenney. Akili yake ipo kwenye namna linavyofanywa kuliko kwenye maswali. Hawapigi kura ya wanafunzi, wanapiga kura ya madarasa. Wanachukua orodha ya madarasa yote ya krediti, yaani yale yanayohesabika kwenye cheti, wanaokota kadhaa kwa bahati nasibu, halafu, kwa miaka mingi, walikuwa wanaenda darasani muda wa kipindi na karatasi na penseli, kila aliyekaa pale anajaza. Mwitikio hapo sio asilimia 5, aliyepo karibu wote wanajaza, manake mwalimu katoa kipindi na hakuna pa kwenda.

Ila kuna mtego hapo na wewe ukiiga utanasa. Mwanafunzi wa fulu taimu ana madarasa 4 au 5 kwa wiki, wa pati taimu analo moja. Ukiokota madarasa, huyu wa kwanza ni kama kaingia kwenye bahati nasibu na tiketi 4 na mwenzie ana tiketi 1. Utaishia na chumba kimejaa fulu taimu halafu utasema "wanafunzi wetu wanasema". CCSSE wanarekebisha kwa kuwapa majibu ya pati taimu uzito zaidi hadi uwiano ufanane na ule wa kweli wa chuo. Na wewe fanya hivyo, sio hesabu ngumu, idadi halisi ipo ofisi ya usajili, unagawanya tu. Mimi nshawahi kusahau kuweka huo uzito na nikasimama mbele ya kikao kutangaza kwamba maktaba inapendwa, kumbe inapendwa na wanaoshinda chuoni.

Sasa mnunue au msinunue? Maoni yangu, na watu wa fani hii watanipinga: nunueni mara moja kila miaka mitatu kama hela ipo, ila sio kwa tatizo hili mlilonalo. CCSSE inakupa mafungu matano, jinsi wanafunzi wanavyoshiriki na kushirikiana darasani, juhudi zao wenyewe, ugumu wa masomo, ukaribu wao na walimu, na msaada wanaopata chuoni, na kila fungu limepangwa ili wastani uwe 50. Uzuri wake ni kulinganisha, unajua vyuo vya saizi yenu vikoje, na wale wa ithibati wakija una kitu cha kuwaonyesha. Ubaya wake ni hiyo hiyo 50. Nimeona wakuu wa vyuo wakishangilia 52 na kununiana kwa 48, wakati hiyo 50 sio alama ya kufaulu, ni katikati ya kundi tu, na kundi lenyewe linaweza kuwa hoi. Kama wote mnachechemea, kuwa katikati ya wanaochechemea sio habari ya kukatia keki.

Halafu nayo inafanywa muhula wa pili, ule wa kuanzia Januari, mwaka ushakatika, wale wa barabarani hawamo. Ndo maana wenyewe walitengeneza ndugu yake, SENSE, inayofanyika wiki ya 4 na ya 5 ya muhula wa mwanzo wa mwaka wa masomo, ikiwalenga wanaoanza. Hilo ndo wazo la kuiba hata kama hamnunui chochote. Wiki ya 4 mtu bado yupo, bado anakumbuka siku ya kwanza alivyozungushwa madirishani, na bado anaokoleka.

Nikitaka kukuonyesha dodoso lililobadilisha chuo kweli, sio la kupamba ripoti, nakutajia Amarillo College, kaskazini mwa Texas. Walikuwa na tatizo lenu, watu wanaingia hawamalizi. Wakaamua kuwauliza wanafunzi ni nini kinawazuia kufaulu, na walimu, kama walimu wa popote, walishajiandalia jibu: hesabu ni ngumu, hawasomi, hawajaandaliwa sekondari. Majibu yakarudi, na vikwazo vikubwa havikuwa vya darasani kabisa. Chakula. Kodi ya nyumba. Usafiri. Pa kumwacha mtoto. Bili ya umeme. Russell Lowery-Hart, aliyewahi kuwa rais wa chuo hicho, na wenzake wakachukua data zao wakajenga picha ya mwanafunzi wao wa kawaida, wakampa jina Maria: mama wa miaka 27 hivi, wa kwanza kwao kusoma chuo, ana mtoto, ana vibarua viwili. Kuanzia hapo kila uamuzi ukawa unapimwa kwa huyo, ratiba hii Maria ataiweza? fomu hii Maria ataielewa? Mwaka 2016 wakafungua kituo ndani ya chuo kinachoshughulika na mambo hayo hayo, chakula, nguo, msaada wa dharura wa hela, watu wa ustawi wa jamii, na wakakiweka mahali pa wazi ambapo lazima upite, sio kwenye korido la nyuma. 2023 chuo hicho kikapata tuzo ya Aspen, ndo kama kombe la komyuniti koleji za Marekani, kwa pamoja na Imperial Valley ya California.

Angalia walichokifanya kwenye swali. Hawakuuliza "umeridhika?" Waliuliza "nini kinakuzuia?" Swali la kwanza linamwomba mwanafunzi akupe maksi wewe, la pili linamwomba akusimulie maisha yake. Na hili la pili linauma kidogo kusoma majibu yake, ndo maana vyuo vingi vinapenda la kwanza.

Kuridhika, dada, ni neno la hatari kwa watu wetu hasa. Kwetu ukiulizwa chakula kikoje na mwenye nyumba kasimama hapo na kitambaa mkononi, utasema kitamu, hata kama chumvi imezidi. Mwanafunzi aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka 15, leo ana kadi ya chuo yenye picha yake, umuulize kama ameridhika? Atakupa 5 kati ya 5 na dua juu, na mwezi ujao anaacha kwa sababu gari limeharibika. Hajakudanganya, ameridhika kweli na anaondoka kweli. Mambo mawili tofauti.

Kwa hiyo uliza matendo na uliza muda. Badala ya "huduma ya mshauri wa masomo ni nzuri", uliza "tangu muhula uanze, umekaa na mshauri wa masomo mara ngapi?" weka sijawahi, mara 1, mara 2 au zaidi. Badala ya "nina muda wa kutosha wa kusoma", uliza wiki iliyopita ulifanya kazi ya kulipwa masaa mangapi. Utaona jambo la ajabu ambalo CCSSE wameliona miaka yote, wanafunzi wanasema ushauri wa masomo ni muhimu sana kisha hao hao hawaendi. Yule mama McClenney ana msemo wake unaorudiwa sana kwenye vyuo hivi, kwamba mwanafunzi hafanyi cha hiari. Mwenye vibarua viwili, kitu ukikiita "karibu sana ukipenda" ushamwambia asije. Hapo dodoso limeshakupa kazi ya kufanya, mshauri aende darasani wiki ya 3, asisubiri ofisini. Kujua kwamba asilimia fulani "wanakubali kabisa" kungekupa nini?

Kwenye la kwako, swali la 17 umeandika kwamba wafanyakazi wa ofisi ya msaada wa ada ni wakarimu na wanajibu haraka. Hayo ni mawili. Kuna mkarimu anayekuchelewesha wiki tatu huku anatabasamu. Na la 23, "je, unakubali kwamba chuo chetu kinajali wanafunzi?", hilo sio swali, hilo ni kampeni.

Sasa walioondoka. Hapa weka nguvu zako kuliko kote, na wala sio ghali. Omba ofisi ya usajili orodha ya walioandikishwa muhula wa mwanzo, hawajamaliza, na muhula wa pili hawamo. Kabla hujampigia mtu, pitisha hiyo orodha kwa National Student Clearinghouse, taasisi inayokusanya rekodi za uandikishaji za vyuo vya Marekani, chuo chenu karibu kwa hakika kinashirikiana nao, watakwambia nani kahamia chuo kingine. Hatua hii wengi wanairuka na wanaaibika, unampigia mtu kwa sauti ya msiba "tumekukosa, nini kilikusibu?" kumbe mwenzio yuko chuo kikuu anasoma uhandisi na ninyi ndo mliomfikisha. Huyo ni ushindi wenu, mtoeni kwenye hesabu ya hasara.

Waliobaki kwenye orodha, okota 100 kwa bahati nasibu. Mia tu. Halafu wapigie, jioni na Jumamosi, na asipige mtu wa ofisi, apige mwanafunzi mwenzao mliyemwajiri na kumfundisha, mtangulize meseji siku moja kabla ili namba isionekane ya matapeli. Maswali manne: ilikuwaje wiki uliyoamua kutorudi, ulimwambia mtu yeyote chuoni, kuna kitu kidogo ambacho kingekubakiza, na je ungependa kurudi. Basi. Wengine hawatapokea, namba zimebadilika, wengine watakukatia. Ukipata 35 au 40 wanaozungumza kwa dakika kumi kumi, nakuhakikishia utakuwa na kitu kizito kuliko zile 212. Ile ya pili hasa, "ulimwambia mtu yeyote?", isikilize vizuri. Mara nyingi nilizoifanya kazi hii jibu lililotawala lilikuwa hapana. Mtu alikuwa na deni dogo la ada likafunga usajili wake, akaona aibu, akanyamaza. Na ile ya nne ina faida nyingine, wapo watakaosema ndiyo, sasa aliyepiga simu awe na jina na namba ya mtu wa kuwapokea hapo hapo, sio "tutakupigia".

Siri. Usichanganye "bila jina" na "siri". Bila jina manake hata wewe hujui nani kajibu. Siri manake unajua ila humwambii mtu. Kwa kazi yako unahitaji siri, kwa sababu unataka kuunganisha jibu na namba ya mwanafunzi uone baadaye nani alirudi. Basi sema hivyo wazi kwenye mstari wa kwanza, usiandike "dodoso hili halina jina" halafu linki ina namba yake ndani. Rekodi za wanafunzi zinalindwa na sheria ya FERPA ya 1974 na kamati yenu ya maadili ya utafiti itataka kuona maelezo hayo, waone mapema wasije kukukwamisha Septemba. Na kwenye ripoti kundi lenye watu chini ya 10 usilitoe peke yake. "Wanafunzi wanaume wa Burundi kozi ya uuguzi", mko chuo kidogo, wapo wawili, kila mtu anawajua.

Hili linanipeleka kwenye Kiswahili. Ndiyo, tafsiri, lakini usidhani Kiswahili ni kimoja. Nshawahi kukaa na akina mama watatu wa Bukavu na kijana wa Lubumbashi tukipitia dodoso ambalo chuo kimoja kililipa litafsiriwe, Kiswahili safi cha vitabuni, "Je, unaridhishwa na huduma za ushauri wa kitaaluma?" Mama mmoja akaniuliza kwa upole, huo ushauri ni wa mambo ya ndoa? Kwake mshauri ni mtu unayemwendea nyumba ikiwaka moto. Yule kijana kwao anaenda masomo, sio shule, na anakaa kalasi. Mrundi aliyekulia Nyarugusu au Mtabila kule Kigoma ukiongea nae kwa simu utadhani ni mtu wa Kasulu, lakini shule za kambini zilifuata mtaala wa kwao, kwa hiyo Kiswahili anakiongea kuliko anavyokisoma. Ukimpa karatasi ya Kiswahili anaweza akahangaika kuliko ungempa ya Kirundi au Kifaransa, wewe ukadhani umemsaidia.

Nilichojifunza ni kwamba kwa hawa karatasi iwe fupi kabisa na awepo mtu wa kuwasomea, maswali 8, mtu anasoma kwa sauti madarasa ya Kiingereza cha wageni, wao wanaweka alama. Asiwe mwalimu wao, tafadhali, kumbuka habari ya mwenye nyumba na kitambaa. Ile ngazi ya "nakubali kabisa, nakubali, sikubali wala sikatai" itupe. "Sikubali wala sikatai" nimeona watu wazima wakicheka wakiuliza sasa mimi niko wapi hapo. Tumia mara ngapi, au ndiyo na hapana. Na kabla hujachapa hata nakala moja, kaa na wanafunzi watano, mmoja mmoja, asome swali halafu akwambie kwa maneno yake anaulizwa nini. Asijibu, akueleze tu swali. Wakikwama wawili sehemu moja, swali ndo lenye kosa, sio wao. Hii inamaliza mchana mmoja na inaokoa mwaka mzima.

Kuhusu bosi wako na bodi. Mimi nimeshaandika ripoti ya kurasa 94, chuo sikitaji, yenye chati za rangi, na miaka miwili baadaye nikaikuta imewekwa chini ya projekta ili inyanyuke. Tangu siku hiyo sitoi dodoso kabla sijafanya kitu kimoja: nachora majedwali yakiwa matupu, nayapeleka kwa mkuu wa idara husika, namuuliza, hapa ikitoka asilimia 60 utafanya nini? ikitoka 20 je? Akisema "tutaangalia", swali nalifuta mbele yake. Kama hakuna mtu mwenye ufunguo wa kubadilisha hicho kitu, kumuuliza mwanafunzi ni kumpotezea muda na kumpa tumaini la bure. Mnamuuliza kuhusu maegesho ya gari kila mwaka na maegesho ni yale yale, mwaka wa tatu hajibu tena, na hilo nalo ni jibu.

Na mkibadilisha kitu hata kidogo, semeni. Chuo kimoja nilichofanya kazi, wanafunzi wa jioni walisema ofisi zote zinafungwa saa 11 wakati wao wanaingia saa 12, ikaachwa dirisha moja wazi hadi saa 2 usiku siku mbili kwa wiki, na tukabandika karatasi mlangoni, "mlisema, tumesikia, Jumanne na Jumatano tupo." Muhula uliofuata walimu walituambia madarasa ya jioni yanajaza dodoso bila kubembelezwa.

Zawadi, umeuliza kama uwape kadi za dola 5. Kwa darasani haina haja, kwa wale 100 wa simu wape, tena wape bila kungoja wamalize, muda wao una bei na hawadaiwi chochote na chuo.

Sasa dodoso lako. Kutoka 62 nimebakisha 14, nakurudishia na wino mwekundu usinichukie. La 1 mpaka la 9 ni umri, jinsia, kozi, krediti, yote hayo yapo kwenye kompyuta ya usajili na ukitumia namba ya mwanafunzi huna haja ya kuyauliza, toa. La 30 hadi 44 ni kuhusu tovuti ya chuo, nadhani mtu wa tovuti alikuomba, mwambie atengeneze lake. La 51 kuhusu chakula ni zuri, ila umeuliza "je, una tatizo la chakula?" na hakuna mtu mzima atakayekubali hilo mbele ya karatasi, andika "mwezi uliopita, kuna siku ulipunguza au kuruka mlo kwa sababu hela haikutosha?" Na la 62, "una maoni mengine?", umeliweka mwisho kabisa na kimstari kimoja cha kuandikia. Lihamishie juu liwe la pili, liulize "kitu gani kimoja kingekurahisishia kurudi muhula ujao?", na uache nafasi ya mistari mitano, kwa Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa, chochote atakachoandika mtu. Mkiwa na majibu ya Kiswahili ya kutafsiri nitumie, mengine nitakusomea bure.